Zimwi likujualo: kwa nini mkulima haikimbilii mbegu mpya

Kuna kauli moja ambayo kila kiongozi akipanda jukwaani kijijini ni lazima aitoe: wakulima acheni kilimo cha mazoea. Watu wanapiga makofi, mgeni rasmi anaondoka na msafara wake, vumbi linatulia. Msimu ukifika, wengi wa wale waliopiga makofi wanachukua jembe lilelile na mbegu ileile waliyoitunza darini, juu ya moshi wa jiko, tangu mavuno yaliyopita. Mwaka unaofuata anakuja kiongozi mwingine na kauli ileile, na anapigiwa makofi yaleyale.

Sasa tujiulize wadau, kwa nini?

Majibu tuliyozoea kuyasikia mijini ni mepesi sana. Mkulima mbishi. Mkulima hajasoma. Mkulima anaogopa mabadiliko. Kwa mtazamo wangu majibu haya hayana ukweli, na ushahidi uko mfukoni mwa mkulima huyohuyo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Hakuna waziri aliyezunguka vijijini kuwakaripia watu waache mazoea ya kutuma hela kwa kondakta wa basi. Wazee ambao hawajawahi kukanyaga benki walijifunza wenyewe, wakafundishana, na leo wanatuma na kupokea bila kumwomba mtu msaada. Kwa hiyo tatizo si upya wa kitu.

Tofauti ni hii. Ukitaka kujua kama hela za kwenye simu zinafika kweli, unatuma shilingi elfu mbili, unampigia ndugu yako, anakwambia zimefika. Ndani ya dakika tano umepata jibu, na jibu likiwa baya umepoteza elfu mbili. Ukitaka kujua kama mbegu mpya ya mahindi inafaa kwenye shamba lako, unasubiri miezi minne au zaidi, na jibu likiwa baya umepoteza chakula cha familia cha mwaka mzima.

Hoja yangu leo ni moja tu: mkulima hakatai teknolojia mpya, anakataa kubeba peke yake hatari ambayo hana namna ya kuipima. Tukilielewa hilo tutapunguza mahubiri, na tutaanza kushughulika na yale mambo asiyoyajua.

NDOO MBILI

Mwaka 1961 Mmarekani Daniel Ellsberg (huyu ndiye aliyekuja kuvujisha nyaraka za siri za vita vya Vietnam mwaka 1971) alichapisha fumbo moja maarufu sana kwa wachumi. Naliweka kwa maneno yetu. Mbele yako kuna ndoo mbili zilizofunikwa, kila moja ina gololi 100. Ya kwanza unaambiwa ina nyekundu 50 na nyeusi 50. Ya pili nayo ina nyekundu na nyeusi, lakini huambiwi ngapi ni ngapi. Ukitoa nyekundu bila kuangalia unapewa zawadi. Utatumbukiza mkono kwenye ndoo ipi?

Watu wengi wanachagua ya kwanza. Haya, sasa wageuzie: zawadi ni kwa atakayetoa nyeusi. Bado wanachagua ya kwanza! Kihesabu haiingii akilini, kwa sababu kama uliikwepa ndoo ya pili ukihisi nyekundu ni chache, basi nyeusi zitakuwa nyingi na sasa ungepaswa kuikimbilia. Lakini watu hawafanyi hivyo. Hawakimbii kupoteza tu, wanakimbia kutojua. Na waliojaribiwa kwa fumbo hili miaka yote hiyo si wakulima wa vijijini peke yao. Wamo wanafunzi wa vyuo vikuu na wafanyabiashara pia.

Mchumi Frank Knight aliwahi kulieleza jambo linalofanana na hili mwaka 1921. Alisema kuna hatari unayoweza kuipigia hesabu, na kuna kutojua kabisa. Ni vitu viwili tofauti, ingawa kwenye mazungumzo tunavichanganya.

Wahenga wetu hawakuhitaji ndoo wala gololi. Walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mbegu ya asili ndilo hilo zimwi linalokujua. Mkulima anajua mwaka mzuri inampa magunia mangapi na mwaka mbaya mangapi. Anajua inakomaa lini, inavumilia jua kiasi gani, inabunguliwa au haibunguliwi ghalani, na unga wake una ladha gani. Inamla, ndiyo, lakini haimmalizi. Mbegu mpya ya dukani ni ndoo ya pili. Inawezekana ina nyekundu 90, inawezekana ina 10. Anayemwambia ina 90 ni yuleyule anayeiuza, au afisa ambaye msimu ujao atakuwa amehamishiwa wilaya nyingine.

TUPIGE HESABU KIDOGO

Mchukulie mama mmoja mwenye ekari mbili za mahindi. Namba hizi nimezitunga ili tuelewane tu. Kwa mbegu yake ya asili, mwaka mzuri anapata magunia 14 na mwaka mbaya magunia 8. Familia yake inakula magunia 8 kwa mwaka. Maana yake hata mwaka ukiwa mbaya, wanafika.

Sasa anashauriwa achukue mbegu chotara na mbolea kwa mkopo. Mwaka mzuri atavuna magunia 30, mwaka mbaya 12. Inavutia. Ila mkopo wa pembejeo ni sawa na magunia 8, na mkopo hauulizi mvua ilinyesha au haikunyesha. Toa hayo 8, anabaki na 22 mwaka mzuri na 4 mwaka mbaya.

Mtaalamu anachukua kalamu yake anatafuta wastani, tukichukulia mwaka mzuri na mwaka mbaya vina nafasi sawa. Mbegu ya asili wastani 11, mbegu mpya wastani 13. Mbegu mpya imeshinda, mkulima kwa nini hataki? Hataki kwa sababu huwezi kusonga ugali wa wastani. Mama haangalii 13, anaangalia 4. Magunia 4 kwa familia inayokula 8 maana yake ni kuuza mbuzi, mtoto kukosa sare ya shule, au kwenda kulima vibarua kwa jirani wakati shamba lake linahitaji palizi, na hapo mwaka unaofuata nao umeshaharibika.

Na bado hapo nimempendelea, maana nimempa namba. Kwenye maisha halisi hizo 30 na 12 zimetoka kituo cha utafiti, ambako shamba limepaliliwa kwa wakati na mbolea imepimwa kwa mizani. Shambani kwake zitakuwa ngapi? Hajui. Na anayemshauri naye hajui.

HATA MMAREKANI ALISITA

Kama bado unadhani huu ni ugonjwa wa Waafrika, twende Iowa, Marekani, moja ya majimbo yanayolima mahindi mengi zaidi duniani. Mbegu chotara zilianza kuwafikia wakulima wa huko mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1943 watafiti wawili, Bryce Ryan na Neal Gross, walichapisha matokeo ya kuwahoji wakulima 259 wa jamii mbili za jimbo hilo. Karibu wote walikuwa wameshazikubali kufikia mwaka 1941, wawili tu walikuwa wamebaki nje. Lakini safari hiyo ilichukua zaidi ya miaka 10! Na hawakuingia kwa pupa. Wengi, hasa waliotangulia, walianza na sehemu ndogo ya shamba, wakaangalia, msimu uliofuata wakaongeza.

Kuna jambo jingine kwenye utafiti huo ambalo linanifurahisha. Wengi walisikia habari za mbegu hiyo kwa mara ya kwanza kutoka kwa wachuuzi wa makampuni ya mbegu. Lakini walipoulizwa nani hasa aliwashawishi kupanda, jirani ndiye aliyetajwa sana. Mchuuzi analeta habari, jirani analeta uhakika.

Sasa huyu ni mkulima mwenye barabara, mwenye gazeti la kilimo mlangoni, na mwenye chuo kikuu cha kilimo ndani ya jimbo lake. Huyo alipewa miaka 10 ya kuchungulia. Wa Namtumbo au wa Kibondo tunataka abadilike kwa semina ya siku moja yenye soda na posho?

SHAKA YENYE SABABU, NA SHAKA ISIYO NA SABABU

Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu, kwa hiyo naomba tusikilizane.

Wakati mwingine mkulima anashuku na ana haki kabisa. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanyika Uganda, ambako watafiti walinunua pembejeo madukani na kuzipima. Waliripoti kwamba mbolea ilikuwa na upungufu wa virutubisho wa karibu asilimia 30, na kwamba zile zilizouzwa kama mbegu chotara za mahindi, chini ya nusu ndizo zilikuwa chotara halisi. Mwaka 2024 Kenya nayo ilitikiswa na mbolea isiyo na ubora iliyouzwa ndani ya mpango wa ruzuku wa serikali yenyewe, mpaka serikali ikaahidi kuwafidia wakulima. Ukiwa mkulima wa Uasin Gishu umenunua mfuko ule kwa hela yako, mtu akija kukwambia unaogopa mabadiliko utamjibu nini?

Lakini sasa njoo Morogoro. Watafiti wakiongozwa na Hope Michelson wa Chuo Kikuu cha Illinois walikusanya sampuli zaidi ya 600 za mbolea kutoka kwenye maduka ya mkoa huo wakazipeleka maabara. Matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba karibu zote zilikuwa na naitrojeni inayotakiwa. Mbolea nzuri! Ila wakulima wa mkoa huohuo walikuwa wanaamini kwamba sehemu kubwa ya mbolea ya madukani imechakachuliwa. Wanaamini hivyo kwa sababu wanaitazama kwa macho. Wakiona ina mabonge au imebadilika rangi wanasema hii feki. Kumbe mabonge yanaletwa na unyevu na utunzaji mbovu, na ndani kirutubisho kipo.

Umeona mtego ulivyo? Wa Uganda anashuku na yuko sahihi, wa Morogoro anashuku na hayuko sahihi, lakini wote wawili wamesimama mbele ya duka wakitazama mfuko uleule usiosema kitu. Naitrojeni haionekani kwa macho wala hailambwi ulimini. Kwa hiyo mwenye duka mwaminifu wa Kilosa anaadhibiwa kwa dhambi za tapeli asiyemjua.

Utauliza, kwani mkulima hawezi kujifunza mwenyewe baada ya kuvuna? Ni ngumu kuliko tunavyofikiri. Mahindi yakitoka mabaya, inawezekana mvua ilikatika yakiwa yanachanua. Inawezekana udongo umechoka. Inawezekana viwavijeshi vamizi walipita. Inawezekana mbolea iliwekwa wakati udongo mkavu. Na inawezekana kweli mbolea ilikuwa mbovu. Yote hayo yanampa mavuno mabaya yanayofanana. Kati ya washukiwa wote, aliye rahisi kumlaumu ni yule mgeni aliyetolewa hela. Mvua humlaumu nani? Kwa hiyo hata mbolea safi ikikutana na mwaka mbaya inatoka na jina baya, na jina hilo linazunguka kijiji kizima kabla jua halijazama.

BIMA NAYO INAHITAJI KUAMINIKA

Wapo watakaosema suluhisho ni bima. Sipingi. Lakini bima yenyewe ni kitu kipya, nayo ni ndoo ya pili.

Malawi walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2009 na watafiti Xavier Giné na Dean Yang. Wakulima walipewa nafasi ya kukopa ili wanunue mbegu bora za mahindi na karanga. Kundi moja lilipewa mkopo mtupu. Kundi jingine lilipewa mkopo ulioambatana na bima ya mvua, na gharama ya bima inaingia humohumo kwenye deni. Akili ya kawaida inasema wenye bima ndio watakaokopa kwa wingi. Ikawa kinyume! Waliopewa mkopo mtupu asilimia 33 walikopa. Wenye bima ni kama asilimia 18 tu.

Ukitafakari utaona wakulima hawakuwa wajinga. Mkopo mtupu tayari una kinga yake: mazao yakifa, mkopeshaji atachukua nini kwa mtu asiye na kitu? Bima iliongeza gharama, na iliongeza swali jingine asilolijua. Je, watu hawa watalipa kweli? Watapima mvua wapi?

Swali hilo la mwisho ni zito. Bima nyingi za mvua zinapimwa kwenye kituo cha hali ya hewa, si shambani kwako. Ndivyo ulivyoanza mpango wa Kilimo Salama kule Kenya mwaka 2009, ukitumia vituo vya hali ya hewa na malipo kwa njia ya simu. Ni ubunifu mzuri na ulikua kwa kasi. Lakini kila mkulima anajua mvua inaweza kunyesha ng'ambo ya mto na huku ikaacha vumbi. Kituo kikipata mvua wewe usipate, umelipia bima na njaa unayo. Huwezi kumtibu mtu hofu ya asichokijua kwa kumpa kitu kingine asichokijua, halafu ukamlipisha.

AKIPUNGUZIWA HATARI, ANASOGEA MWENYEWE

Sasa habari njema, na inatoka India. Kwenye jimbo la Odisha wakulima wa mpunga wanasumbuliwa na mafuriko. Wataalamu wakatoa mpunga unaoitwa Swarna-Sub1, ambao unaweza kukaa chini ya maji kama wiki mbili na ukapona. Mwaka usio na mafuriko unazaa kama Swarna ya kawaida waliyoizoea. Yaani haukuahidi miujiza mwaka mzuri, uliahidi kutokumaliza mtu mwaka mbaya.

Kyle Emerick na wenzake waliwagawia baadhi ya wakulima vifuko vidogo vya mbegu hiyo, kisha wakaangalia kilichotokea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Wakulima wale waliongeza eneo la kulima, wakatumia mbolea zaidi, wakapandikiza miche kwa uangalifu badala ya kumwaga mbegu tu, na wakatumia mikopo zaidi. Kilichobadilika ni ule mwaka mbaya. Mama yetu wa magunia 4 akihakikishiwa kwamba hatashuka chini ya 8, hahitaji hotuba.

Hili lingetufundisha kitu kwenye utafiti wetu wenyewe. Vituo vyetu vya Uyole, Ilonga na Selian vina wataalamu wazuri. Lakini mbegu inapotangazwa, namba inayopigiwa debe ni ile ya mavuno ya juu kabisa. Mkulima anataka namba nyingine: ikiwa mvua itakatika katikati ya msimu, itanipa ngapi?

NA SERIKALI NAYO INAONGEZA GIZA

Mpaka hapa nimezungumzia mvua, wadudu na matapeli. Kuna kutojua kwingine ambako hakuletwi na Mungu wala na tapeli. Kunaletwa na barua ya serikali.

Mwaka 2011 Tanzania ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi. Mwaka 2017 ikazuia tena. Sababu zilizotolewa zinaeleweka, nchi inataka chakula kibaki. Lakini jiweke kwenye nafasi ya mkulima wa Rukwa au Ruvuma aliyesikiliza wito, akaacha kilimo cha mazoea, akakopa, akanunua mbegu chotara na mbolea, Mungu akamsaidia akavuna. Anafika sokoni anakuta mpaka umefungwa na bei imeanguka. Aliyelima kwa mazoea, bila deni, alipoteza kidogo. Aliyetii ndiye aliyeumia zaidi. Msimu unaofuata unadhani nani ataonekana mwenye hekima pale kijijini?

Na wakubwa wenyewe wanapoingia kwenye jambo wasilolijua huwa hawana tahadhari hata robo ya mkulima. Nani amesahau karanga za Kongwa? Baada ya vita kuu ya pili, Uingereza iliamua kulima zaidi ya ekari milioni tatu za karanga Tanganyika. Kazi ilianza mwaka 1947. Yaliletwa matrekta, hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Hawakujipa muda wa kujaribu kwanza kwenye eneo dogo. Mvua za Kongwa hazikutabirika kama walivyodhani, na udongo ule kiangazi uligeuka mgumu kama sakafu. Mwaka 1951 mpango ukafutwa na pauni milioni 36 hivi zikaandikwa hasara. Hasara ile ilibebwa na hazina ya Uingereza, na maisha yakaendelea. Mkulima wa ekari mbili hazina yake ni yale magunia 8.

TUFANYE NINI SASA?

Sisemi kwamba tahadhari ya mkulima haina gharama. Inayo, na ni kubwa. Anayeshuku mbolea nzuri ya Morogoro anapoteza mahindi ambayo angeweza kuyavuna, mwaka hadi mwaka. Mbaya zaidi, anayeweza kuthubutu ni yule mwenye duka, mwenye ng'ombe au mwenye mtoto aliyeajiriwa mjini, kwa hiyo kila teknolojia mpya ikija mwenye nacho ndiye anayeanza kuvuna. Tukiendelea kumlaumu mwoga bila kuangalia anachoogopa, tutakuwa tunaongeza pengo kati ya watu wa kijiji kimoja.

Kwanza, mkulima apewe nafasi ya kujaribu kwa kidogo. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea si jaribio, ni ndoa! Mbolea ifungwe kihalali kwenye vifuko vya kilo moja, mbili au tano ili mtu ajaribu mistari michache pembeni ya shamba lake, kama walivyoanza kidogo kidogo wale wa Iowa. Mashamba darasa nayo yasiwe pale kwenye kituo cha wataalamu peke yake. Yawe kwenye ardhi ya mkulima wa kawaida, kwa jembe lake na palizi yake ya kuchelewa. Na yakishindwa, ubao usiondolewe usiku. Mkulima anajifunza kwenye kushindwa pia, na atamwamini zaidi bwana shamba anayesema hapa mbegu hii haikufaa.

Pili, ubora uonekane. Kenya, KEPHIS waliweka nembo ya kukwangua kwenye pakiti za mbegu, unatuma namba kwa simu unajibiwa. TOSCI nao wana nembo ya namna hiyo kwa mbegu za Tanzania. Jambo zuri, ila lifike mpaka kwenye duka la mwisho la kijiji, na mkulima aelezwe. Kwa mbolea, vipimo vya maabara vifanyike kila msimu na majibu yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, duka kwa duka. Mwaminifu ajulikane, na tapeli ajulikane.

Tatu, serikali itangaze sera zake kabla ya kupanda na izishike mpaka baada ya kuuza. Kama mpaka utafungwa, mkulima aambiwe kabla hajakopa.

Nne, anayeleta teknolojia naye abebe sehemu ya hatari. Kampuni inayosema mbegu yake inavumilia ukame iseme pia itarudisha nini ukame ukija ikashindwa. Kama hawako tayari kuweka hela zao kwenye maneno yao, kwa nini mama wa ekari mbili aweke chakula cha watoto wake?

Wakati mwingine kiongozi akipanda jukwaani na kutamka kilimo cha mazoea, natamani mzee mmoja anyooshe mkono amuulize kwa adabu zote: mheshimiwa, tumekusikia, na mbegu tumeiona. Ikinyesha vibaya mwaka huu, wewe utabeba gunia ngapi na mimi nitabeba ngapi?

Akijibiwa swali hilo vizuri, nina hakika wengi watapanda.

Karibuni tujadiliane wadau, hasa ninyi mliopo shambani na ninyi maafisa ugani. Huko kwenu ni kitu gani hasa kinachomfanya mtu asite, au kilichomfanya akakubali?